Tusione haya kusema "Rudia, sijasikia"

Kila mara ndege inapopita juu ya mji wetu wa Isiolo, ikielekea Marsabit au Moyale, au ikishuka katika uwanja wa kimataifa uliofunguliwa hapa mwaka wa 2017, wanafunzi wangu huweka kalamu chini na kugeuza nyuso dirishani. Siwakatazi. Baadhi yao wanatamani kuwa marubani, nami sioni kwa nini mtoto wa Garba Tulla au wa Oldonyiro asitamani jambo hilo. Huniuliza maswali mengi juu ya injini, mabawa na mafuta. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza rubani yule anazungumza na nani, kwa lugha gani, na huwaje pindi asiposikia vizuri. Leo nataka kulijibu swali ambalo halijaulizwa, kwa sababu naamini linatuhusu sisi tunaoshika chaki kuliko tunavyodhani.

Ndege ya abiria haipiti angani kiholela. Chini kuna mwongozaji aliyeketi mnarani au mbele ya rada, na kazi yake ni kumwambia rubani apande hadi kimo gani, ashuke hadi kipi, aelekee wapi, asubiri wapi, na lini ana ruhusa ya kupaa au kutua. Hapa Kenya kazi hiyo imefundishwa tangu mwaka wa 1954 katika chuo cha mambo ya anga kilichoko Embakasi. Watu hawa wawili, mwongozaji na rubani, hawaonani uso kwa uso. Hawana ishara ya mkono wala ya macho. Wanayo redio tu, na redio hiyo si kama simu: anayezungumza hawezi kusikia kwa wakati huo huo, na watu wawili wakibonyeza kitufe pamoja, wanaosikiliza hupata mlio mkali badala ya maneno.

Kwa sababu hiyo wakubwa wa kazi hii waliweka desturi moja iliyo rahisi kuieleza na ngumu kuishika. Anayepewa agizo muhimu hasemi "sawa" kisha akanyamaza. Hulitamka tena lile agizo, tarakimu kwa tarakimu. Naye aliyelitoa hana ruhusa ya kuligeuzia kisogo. Ni lazima asikilize linavyorudi, na likirudi na kosa, alisahihishe papo hapo. Desturi hiyo ina masikio mawili, na kila mojawapo likilala, ndege huwa hatarini.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Tarehe 3 Septemba 1974, ndege kubwa aina ya Boeing 747 ya shirika la British Airways ilikuwa ikikaribia kutua Nairobi. Mwongozaji aliiruhusu kushuka hadi futi 7,500. Marubani wakachukua kwamba wameambiwa futi 5,000, wakautega mtambo wao uishushe ndege hadi hapo. Tano ilikuwamo katika agizo, na sifuri zilikuwamo. Ile saba ndiyo iliyopotea. Sasa, mwanafunzi yeyote aliyeisoma vyema ramani ya Kenya ataona kasoro mara moja. Uwanja wa Embakasi wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa hivyo watu wale, wenye elimu na ujuzi wa miaka mingi, walikuwa wameielekeza ndege yao iende chini ya ardhi. Walipotambua hatari wakaivuta juu, ikiwa imebaki kiasi cha futi 70 kugusa nchi, mbali na uwanja. Futi 70 ni kama urefu wa jengo la orofa saba. Hakuna aliyekufa, na yamkini ndiyo maana kisa hiki hakisimuliwi sana kwetu.

Miaka 15 baadaye, wengine hawakuwa na bahati hiyo. Tarehe 19 Februari 1989, ndege ya mizigo ya kampuni ya Kimarekani ya Flying Tiger ilikuwa ikishuka Kuala Lumpur, nchini Malaysia. Mwongozaji aliiagiza ishuke hadi futi 2,400, akazitaja tarakimu moja moja. Ile mbili ya mwanzo, ambayo Waingereza huiita "two", ilimwingia rubani sikioni kama neno "to", yaani "hadi". Akaelewa kwamba ashuke hadi futi 400. Akarudia agizo kama alivyolielewa, na kosa likawa limetangazwa hewani waziwazi, lakini mwongozaji hakulidaka. Ndege iligonga kilima, na wote wanne waliokuwemo wakafa. Hapa twaona lile sikio la pili lililolala.

Ajali iliyoua watu wengi kupita zote katika historia ya ndege nayo ilitokana kwa sehemu kubwa na maneno. Ilitokea chini, katika uwanja wa Tenerife kwenye visiwa vya Kanari, tarehe 27 Machi 1977, katika ukungu mzito. Ndege mbili za Boeing 747, moja ya shirika la KLM na nyingine ya Pan American, zilikuwa kwenye barabara moja ya kurukia. Rubani msaidizi wa KLM alitamka maneno ambayo kwa Kiingereza yangeweza kumaanisha kwamba wako tayari wakingoja kupaa, au kwamba wameanza kupaa. Mwongozaji akaelewa lile la kwanza, akaitikia "OK", kisha akawataka wasubiri. Wakati huo huo wa Pan American, kwa hofu, wakasema kwamba wao bado wako barabarani. Sauti mbili zikakutana hewani, na katika chumba cha KLM ukasikika mlio. Fundi wa ndege wa KLM ndiye pekee aliyeuliza kama ile ndege nyingine haijaondoka njiani. Nahodha wake, aliyekuwa mtu mwenye sifa na cheo kikubwa katika shirika lile, akamjibu kwa mkato kwamba imeondoka. Fundi akanyamaza. Watu 583 walikufa.

Naomba walimu wenzangu wamtazame fundi yule kwa makini. Alikuwa na wasiwasi uliokuwa wa kweli, akautamka mara moja, akajibiwa na mkubwa, akaona haya kuurudia. Je, hatujamwona mtu huyo madarasani mwetu?

Kisa cha nne kinafanana na hicho. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya shirika la Avianca la Kolombia ilizungushwa hewani kwa zaidi ya saa nzima karibu na New York kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Mafuta yakawa yanakwisha. Rubani msaidizi aliwaeleza waongozaji kwamba mafuta yanapungua na kwamba wanaomba kutangulizwa, lakini hakulitamka lile neno moja ambalo kwa kanuni lingewalazimisha waongozaji kuwaondolea wengine wote njiani, yaani neno la dharura. Waongozaji nao, wenye pilikapilika za usiku ule, hawakutambua kwamba hiyo ilikuwa dharura. Ndege ilianguka Long Island bila mafuta, na watu 73 wakafa. Ukiyasoma mazungumzo yao, utaona adabu tele. Adabu ile iliwaua.

Sisi Wakenya tunalo kovu letu wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliyokuwa ikitoka Douala, nchini Kamerun, kuja Nairobi ilianguka katika kinamasi muda mfupi baada ya kupaa, na watu wote 114 waliokuwemo wakafa. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka wa 2010 ilieleza kwamba marubani walipotewa na mwelekeo gizani, ndege ikawaponyoka. Lakini ilieleza pia kwamba ilikuwa imepaa bila kupewa ruhusa ya mnara, na kwamba ushirikiano kati ya marubani hao wawili ulikuwa hafifu. Sisemi kwamba kukosa ruhusa ndiko kulikoiangusha. Nasema kwamba palikuwa na watu wawili katika chumba kimoja, neno moja lililopaswa kusubiriwa halikusubiriwa, na hakuna aliyemzuia mwenzake.

Kuna watakaosema kwamba tatizo ni Kiingereza, na kwamba kila taifa likizungumza lugha yake angani, makosa yatakwisha. Mimi ni mpenzi wa Kiswahili na nimekifundisha kwa miaka mingi, lakini hoja hiyo siiungi mkono. Tarehe 25 Mei 2000, katika uwanja wa Charles de Gaulle mjini Paris, mwongozaji alimruhusu rubani mmoja kupaa kwa Kifaransa, na mwingine akamruhusu kuingia katika barabara ile ile kwa Kiingereza. Yule wa Kiingereza hakuelewa kwamba mwenzake tayari alikuwa akija kwa kasi. Bawa la ndege kubwa likapasua chumba cha marubani cha ile ndogo, na rubani mmoja akafa. Angani kila mtu husikiliza si maagizo yake tu, bali na ya jirani yake, apate kujua nani yuko wapi. Anayefichwa lugha amefichwa hatari.

Isitoshe, Kiswahili nacho kina mitego yake. Tamka "sita" na "tisa" haraka haraka katika redio yenye kelele, uone kama msikilizaji atazitenga. Silabi zake karibu ni zile zile, zimebadilishana nafasi tu. Waingereza nao waliliona tatizo kama hilo baina ya "five" na "nine", ndipo katika lugha ya redio zikaamriwa zitamkwe "fife" na "niner". Herufi nazo zilipewa majina maalumu yanayotumika tangu mwaka wa 1956, ili B isidhaniwe kuwa D. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lenye ofisi ya kanda mjini Nairobi, lilipitisha kanuni za ujuzi wa lugha mwaka wa 2003, na kanuni hizo zikaanza kutumika tarehe 5 Machi 2008: rubani na mwongozaji wa safari za kimataifa wawe wamefikia angalau kiwango cha nne kati ya sita. Wenye Kiingereza cha kuzaliwa hawakusahauliwa, kwani mtu anayezungumza kwa kasi na kwa misemo ya kwao ni hatari sawasawa na yule asiyejua lugha.

Tena kuna suala la saa. Sisi husema saa mbili asubuhi, Waingereza husema saa nane, na watu wa ndege huandika saa tano, kwa kuwa wao hufuata saa ya dunia ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Wakati ni mmoja, majina ni matatu. Niliwahi kumtuma mwanafunzi kwa dereva wa basi na ujumbe kwamba safari ya darasa ingeanza saa mbili asubuhi. Mtoto akaandika kikaratasi kwa Kiingereza, akatia tarakimu 2 peke yake. Dereva akafika saa nane mchana, watoto wakiwa wamechomwa na jua la Isiolo tangu asubuhi. Nilimkaripia mtoto yule mbele ya wenzake. Ilinichukua miaka kukiri kwamba kosa lilikuwa langu. Nilimpa ujumbe, nikamuuliza, "Umeelewa?" Akajibu, "Ndiyo, mwalimu." Nami nikaridhika.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. "Ndiyo, mwalimu" ni jibu linalosikika katika kila darasa la nchi hii, na mara nyingi ni jibu la uongo. Mtoto hulitoa kwa sababu amejifunza kwamba anayesema "sijaelewa" huchekwa na wenzake, na pengine hutazamwa na mwalimu kwa jicho la kumwambia kwamba anapoteza wakati. Tumeandika kutani kwamba kuuliza si ujinga, kisha tukamfanya anayeuliza ajione mjinga. Mtoto huyo hukua. Huwa muuguzi anayepokea agizo la dawa kwa simu na kuona haya kuuliza kama ni miligramu tano au 50. Huwa karani, huwa fundi wa umeme. Wachache, Mungu akiwajalia, huwa marubani au waongozaji wa ndege. Chuo cha Embakasi kitamfundisha kanuni za redio kwa miezi kadhaa. Lakini ile tabia ya kuitikia bila kuelewa tumemfundisha sisi kwa miaka 12, na si rahisi kuing'oa.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba mashine zitatuokoa. Ni kweli kwamba siku hizi katika baadhi ya anga maagizo hutumwa kwa maandishi, na ndege kubwa zina mtambo unaowaonya marubani wanapokaribia kugongana. Hata hivyo, tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, nchini Ujerumani, mtambo huo ulimwambia rubani mmoja apande huku mwongozaji akimwambia ashuke. Alimtii mwongozaji, na rubani wa ndege ya pili, akiutii mtambo wake, naye akawa anashuka. Watu 71 walikufa. Mashine imeongeza sauti nyingine ya kusikilizwa. Haikumwondolea mtu wajibu wa kusikiliza. Tena ndege nyingi zinazotuhudumia kaskazini ni ndogo, na viwanja vingi vya huku ni vya changarawe visivyo na mnara. Rubani hujitangazia mwenyewe yuko wapi na anakusudia nini, akitumaini kwamba kama kuna mwenzake karibu, atakuwa amesikia.

Pingamizi ya pili ni ya walimu wenzangu, nami naiheshimu zaidi. Darasa lina watoto 60, kipindi ni dakika 40, na mtihani unangoja. Tutampata wapi mwalimu wa kumsikiliza kila mtoto akirudia maneno? Aidha, vizazi vya watahiniwa wa KCSE vimepimwa ustadi wa kuzungumza Kiingereza kwa kalamu na karatasi, na kisichotahiniwa kwa mdomo hakifundishwi kwa mdomo. Haya ni kweli. Lakini Mtaala wa Umilisi umeitaja stadi ya mawasiliano na ushirikiano mwanzoni mwa orodha ya umilisi wa msingi. Ikiwa tumeiweka mbele kwenye karatasi, hatuna udhuru wa kuiweka nyuma darasani.

Wala sipendekezi jambo la gharama. Kwanza, turudishe imla, ya Kiswahili na ya Kiingereza, angalau mara moja kwa juma, na ndani yake tutie tarakimu, saa, tarehe na vipimo, si hadithi za sungura peke yake. Pili, tuache kuuliza "Mmeelewa?" Badala yake tumwambie mtoto mmoja, "Niambie ulivyosikia." Dakika moja yatosha, na mwalimu atashangaa kugundua mara ngapi alichosema sicho kilichosikika. Tatu, siku mtoto atakaposema "Rudia, mwalimu, sijasikia," tumshukuru mbele ya darasa zima, ili wengine wajue kwamba hilo ni neno la heshima. Nne, mwalimu naye akubali kusahihishwa. Nikiandika ubaoni kwamba Embakasi iko futi 3,500 na mtoto akainua mkono, nisimjibu kama nahodha yule wa Tenerife alivyomjibu fundi wake.

Kwa wanafunzi nasema hivi. Isiolo ni mji uliowapa bahati ambayo wenzenu wengi hawana. Sokoni mnasikia Kiborana, Kisomali, Kisamburu, Kiturkana na Kimeru kabla ya jua kuchwa, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Tangu utotoni mmezoea kumuuliza mtu, "Umesema nini?" bila yeye kuona kwamba mmemtukana. Msiiache tabia hiyo mlangoni mnapoingia darasani. Mtu aliyekulia katikati ya lugha sita anajua kwamba neno huweza kutoka kinywani likiwa hivi na kufika sikioni likiwa vile. Rubani mwema na mwongozaji mwema huhitaji kulijua hilo kabla ya yote.

Watu wa kaskazini hatuhitaji kuambiwa thamani ya ndege inayofika salama. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi iliyobeba ujumbe wa amani ilianguka Marsabit, ikawaua watu 14, wakiwemo wabunge watano. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ndogo ya mafunzo na ndege ya abiria iliyotoka uwanja wa Wilson ziligongana juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Wawili waliokuwa katika ile ndogo walikufa, na ile ya abiria ikarudi salama. Sizitaji ajali hizi kwa kudai kwamba chanzo chake kilikuwa maneno. Nazitaja kwa sababu zinatukumbusha kwamba walio hewani ni watu wetu, na kwamba kila hatari tunayoweza kuipunguza tuna deni la kuipunguza.

Ile ya maneno tunaiweza, na kuipunguza kunaanza chini kabisa, katika darasa lenye vumbi, pale mtoto anapopewa nafasi ya kusema kwamba hakusikia. Jumatatu nitakapoingia darasani nitaanza na imla ya tarakimu kumi. Nitazisoma mara moja tu, kwa sauti ya chini, nione ni nani atakayeinua mkono.